Kidonge cha Mama Klachi

Chuo cha udereva cha shemeji yake kilikuwa na magari manne na mwalimu mmoja wa kuogopwa, naye ni Mama Klachi. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza kwenye siti ya abiria, ile yenye breki ya mwalimu chini ya mguu. Wanafunzi walimchukia wiki tatu nzima, kisha wakishafaulu wakamletea ndugu zao. Kubembeleza hakujui. "Hicho kioo hakikuwekwa hapo ujitazame ndevu," alimwambia mchungaji mmoja, mtu mzima na heshima zake, na mchungaji akajibu amina.

Mwaka huo mdomo ukaanza kupoa. Aliamka amechoka, akalala amechoka, na katikati ya hapo alikuwa amechoka vilevile. Wenzake walijipepea kwa fomu za wanafunzi, yeye kavaa sweta juu ya sweta. Uso ulimvimba asubuhi. Choo nacho kikawa habari ya mara moja kwa wiki, na hapo tumstahi, tusiendelee.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Miaka minane nyuma alitolewa tezi ya shingoni, na tangu siku hiyo alimeza kidonge cha homoni kila asubuhi, maana ile homoni ambayo mwili ulikuwa ukijitengenezea sasa ilibidi uletewe. Miaka saba kidonge kilifanya kazi yake kimyakimya. Sasa vipimo vya damu vilisema homoni haitoshi. Daktari akapandisha dozi, na miezi miwili baadaye akaipandisha tena. Mara zote mbili aliuliza, "Kuna dawa nyingine unatumia?" Mara zote mbili Mama Klachi akajibu hakuna, macho makavu, wala hakuwa anadanganya. Kwake yeye dawa ni kitu ulichoandikiwa na daktari na kinachokuudhi. Vidonge vya kalsiamu alivyoletewa na dada yake mwaka huo kwa ajili ya mifupa vilikuwa zawadi. Vile vyeupe vya kutafuna, vya kiungulia, alivihesabu pamoja na peremende. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa mpangilio, asiyependa kazi viporo, vyote alivishusha kwa mkupuo mmoja, ndani ya gari, kabla ya mwanafunzi wa kwanza.

Jumanne moja mwanafunzi wake, fundi cherehani, alitafuta breki akakanyaga mafuta, gari likaenda moja kwa moja kwenye toroli la muuza maji. Mama Klachi aliliona toroli vizuri tu. Mguu wake ndio uliochelewa. Muuza maji aliruka pembeni, toroli likavunjika, na madumu yakatawanyika barabara nzima.

Shemeji alimwita ofisini, akafunga mlango.

"Shemeji, mimi nakuheshimu. Lakini umri nao hausemi na mtu. Kuanzia tarehe moja utakaa hapa mezani, upokee simu. Kuna na feni."

"Feni ya nini, na mimi nasikia baridi?"

Aliondoka amenyoosha shingo, akajifungia chooni, akalia. Siti ile ndiyo iliyomfanya awe mtu, na kilichomtisha zaidi ni kwamba huenda shemeji alikuwa anasema kweli.

Mwanafunzi mpya aliyekuja Alhamisi alikuwa mfamasia mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na tatu aliyechoshwa na kuomba lifti kwa mkwe wake. Alifika mapema, akaingia, akafunga mkanda, na akamkuta mwalimu wake na kiganja kimejaa.

"Mwalimu, hivyo ni vitu gani?"

"Hiki cha tezi. Hivi vingine ni vya kawaida tu. Rekebisha kioo, dada."

Mfamasia hakugusa kioo. Alitoa miwani, akasoma chupa moja baada ya nyingine, halafu akacheka kicheko kirefu kisicho na adabu.

"Mdogo wangu, hicho kidonge unakionea. Kalsiamu inakikamata humohumo tumboni, na hivi vya kiungulia vinasaidia kukishikilia. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo. Kingine chote kinaishia chooni."

"Chooni hakuendi kitu siku hizi."

"Basi kipo kwenye foleni. Daktari hakukuuliza kama unatumia vitu vingine?"

Mama Klachi akatazama nje ya dirisha. "Aliuliza."

"Ukasemaje?"

Mfamasia akampa somo bila kumhurumia: cha tezi kimezwe peke yake, kwa maji, tumbo likiwa tupu, na chai isubiri nusu saa hadi saa nzima. Kalsiamu na vya kiungulia vikae mbali nacho, angalau kwa muda wa saa nne. Hata vidonge vya kuongeza damu, siku akipewa, mambo ni yaleyale.

"Na leo hii umpelekee daktari hizi chupa zote. Amekupandishia dozi mara mbili kwa kidonge ambacho hakikuwa kinaingia. Kikianza kuingia chote, moyo utakwenda mbio. Usijipunguzie mwenyewe. Yeye ndiye aamue."

"Nitakuwa sawa lini?"

"Damu ipimwe tena baada ya wiki kama sita."

Tarehe moja ilikuwa wiki ijayo.

Daktari alizipanga chupa mezani, akashika kichwa, akaandika dozi upya na tarehe ya kipimo. Njiani kurudi chuoni Mama Klachi alipanga namna ya kumpasha shemeji: uzee ndio nini, atamwonyesha karatasi, atamwambia kwenye siti hatoki. Maneno yalikuwa tayari, makali, ya zamani. Alipofika pale barabarani walipogonga toroli alimwona muuza maji akifunga toroli lake kwa waya. Yule bwana akampungia mkono, kana kwamba hakuna kitu, na Mama Klachi akaona aibu.

Aliingia ofisini akaweka ufunguo wa gari mezani.

"Nashuka leo, si tarehe moja. Lakini si uzee, na usithubutu kulisema tena hilo neno. Nipe wiki sita nipimwe. Mguu ukiwa bado umelala, nitazeeka hapahapa na feni yako."

Shemeji aliutazama ufunguo. Hakuwahi kumwona akiuachia.

"Wiki sita," akasema, akamwachia kiti.

Hakijapata hata joto, simu ikalia. Mwanamume mmoja alitaka kumwandikisha mama yake.

"Nimeambiwa hapo kuna mwalimu mmoja wa kike, mkali sana, lakini mtu akitoka kwake anajua gari. Bado yupo?"

Machozi yalikuwa yakimshuka Mama Klachi na hakuyafuta.

"Yupo," akasema. "Itabidi mumsubiri."