Supu ya Shingo ya Gicheru

"Wakonyo hamezi vidonge!" nilimwambia mwanangu Gicheru. "Sema hivyo tena nikupige na hii mwiko, mzee mzima na ndevu zako."

"Maitu, mimi nasema yenye daktari amesema."

"Daktari amesema mambo mawili. Wewe umeshika ile inakufaa."

Tulikuwa jikoni kwake, nyuma ya buchari yake hapa Gakindu, na sufuria ilikuwa inachemka katikati yetu. Gicheru ni kitindamimba wangu. Nilimzaa mzito hivi kwamba tulipompima kwa mzani wa kahawa, mzani ulivunjika, na asiyeamini akauulize mzani. Ninyi mnaokula mutura yake jioni mnajua hakuna anayejaza utumbo kama yeye kutoka hapa hadi Nanyuki. Hatupi kitu. Ng'ombe akiingia kwa Gicheru, kinachotoka bure ni mlio wake tu.

Bibi yake, Wakonyo, alikuja kwetu akiwa mwanamke wa kujaza mlango. Kisha akaanza kuyeyuka. Mikono ilitetemeka hadi akashindwa kumimina chai. Mwezi wa saba, ukungu umelalia kahawa na sisi tumejifunga blanketi, yeye alikuwa anatoa jasho. Ukikamua shuka zake ungenyweshea shamba la jirani yetu Nderitu mpaka chini mtoni. Moyo ulimkimbia hata akiwa amelala. Ukimwekea mkono kifuani ni kama umeshika kuku anayejua kesho ni Krismasi.

Baada ya mtoto wao wa kwanza, Tabby, mimba ikatoka. Nyingine ikatoka. Kanisani wanawake wakaanza kumwachia benchi peke yake, wakinong'ona juu ya ugonjwa wasioutaja. Hapo hata mimi niliacha mzaha.

Hospitali ya kwanza walimpima damu wakasema homoni ya tezi ya shingo imejaa, basi tezi inafanya kazi kupita kiasi. Wakampa dawa ya kuituliza. Alimeza akazidi kukonda.

Na Gicheru, maskini, alifanya anachokijua. Kwao wachinjaji shingo haiuzwi, inapelekewa mama wa nyumba. Kila jioni alimletea koo zima, pamoja na ile nyama laini nyekundu iliyokumbatia koo pande mbili, ambayo mkaguzi husema itupwe. Aliichemsha pole pole na viazi na dania. "Kunywa, mama Tabby." Alipokonda, akaongeza. Alipokonda zaidi, akaenda kuomba shingo kwa wachinjaji wengine. Mikono yake ilipokataa kijiko, Gicheru alimlisha mwenyewe, akipuliza kila kijiko kama anamlisha mtoto. Mimi sina meno. Nilikula viazi vyangu vya kuchoma.

Sasa leo, huko Nyeri mjini, Daktari Sumeya alitupeleka kando baada ya kumpiga Wakonyo picha ya shingo. Ni msichana mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtu.

"Cucu, tezi yake haijazidisha kazi," aliniambia, kama mjukuu kwa nyanya yake. "Imelala kabisa. Hiyo homoni inaingilia mdomoni. Ama anameza vidonge vyenye hiyo homoni kisirisiri, ama anakula tezi za wanyama, na hizo hata ukichemsha namna gani, homoni haifi. Nimemuuliza, anasema anakula nyama kama watu wote. Moyo wake umechoka, hautarudi vile ulikuwa. Akiendelea hivi, utasimama."

Hospitali wakabaki na Wakonyo mpaka kesho. Tulipofika nyumbani Gicheru akateleka shingo, ya kumkaribisha bibi yake, mikono ikifanya tu ilivyozoea. Ndipo akaanza hayo ya vidonge.

"Anataka kukonda kama wale wa televisheni," akasema sasa, bila kunitazama.

"Wakonyo? Mwenye alilia siku pete ya harusi ilimtoka kidoleni ikaanguka kwa karai?"

"Basi ni nani anampatia hiyo sumu?"

Nikatumbukiza mwiko kwa sufuria, nikatoa kipande, nikakiweka kwa ubao mbele yake. Mvuke ukapanda.

"Hii ni nini?"

"Ni nyama."

"Nyama gani, wewe fundi wa ng'ombe?"

"Ni nyama tu, Maitu! Nyama!" Akashika meza. "Unataka niseme nini? Ati ni mimi? Ati hii mkono yangu?" Akakitazama kile kipande. "Na zile mimba pia?"

Nikasukuma ule ubao kando.

"Mwaga," nikamwambia. "Mwaga yote. Na kesho umwambie wewe, si mimi."

"Ataniacha."

"Heri akuache akitembea."

Akainua sufuria kwa masikio yake mawili. Hapo mlango ukasukumwa.

Alikuwa Wakonyo, ameegemea mwimo, shuka ya hospitali bado imemning'inia begani, anahema kama aliyepanda mlima wote.

"Nimewakatalia kulala huko," akasema, akicheka kidogo. "Huyo daktari ananiuliza ati kama huwa ninalishwa nyumbani! Nikamwambia Nyeri nzima hakuna bibi ya mtu analishwa kama mimi." Akanusa. "Ni shingo hiyo? Niwekee, baba Tabby. Niko na njaa mbaya."

Gicheru alisimama na sufuria mikononi. Mimi nikaangalia mwiko, maana kusema ilikuwa zamu yake.