Aliyekaa Ndiye Anayehesabiwa

Mwenyekiti wa halmashauri ya mji wetu nilimchukia miaka mingi, na sioni haya kusema. Watu walikuwa wananiambia, bibi, samehe, umri umekwenda. Nikawajibu umri umekwenda na kwake pia, mbona hajaja kuomba? Msamaha haupelekwi kwa posta.

Aliyekosewa si mimi, ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Wifi anauza vitunguu sokoni, na mimi nauza mkaa pembeni yake. Yeye mnene, mimi mwembamba. Yeye mpole, mimi watu wanajua. Mteja akitaka kubishana naye bei ananiangalia mimi kwanza, kisha anatoa hela. Kaka alipofariki ndugu walikaa mkao wa kula, wakingoja tugombanie vyombo. Tukawakosesha tamasha, tukaunganisha meza. Watoto wake wote wifi kawasomesha kwa vitunguu vile, na walipomaliza shule hakuna hata mmoja aliyetaka kuviona kwenye sahani.

Soko letu halikuwa na choo. Ushuru tulilipa kila asubuhi, na juu ya ushuru kulikuwa na nyongeza, wakaiita pesa ya choo. Mtoza ushuru anapita, "Na ya choo, mama," tunatoa. Choo chenyewe hatukukiona hata shimo lake. Wanaume wana ukuta wa nyuma ya bucha, hawana shida, dunia yote ni choo chao. Sisi wanawake tunabana mpaka jioni. Ukizidiwa unakimbilia nyumba ya jirani mwenye roho nzuri, na siku jirani kasafiri unabaki unacheza ngoma isiyo na mpigaji.

Sasa, kila mwaka halmashauri inaita mkutano wa wananchi kupitisha bajeti. Wanauweka siku ya soko kubwa, asubuhi, biashara ikiwa imechanganya. Nani ataacha meza yake? Watu walikuwa wanasema kwenda kule ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwa hiyo ukumbini wanajaa mashemeji wa mwenyekiti, dereva wake, na vibarua wa mkandarasi walioahidiwa soda. Viti vikijaa karani anahesabu, anasema akidi imetimia, mikono juu, kwisha habari.

Mwaka mmoja wifi akaniachia vitunguu, akajifunga kanga safi, akaenda. Viti vimeshajaa. Akasimama nje dirishani na wenzake wachache. Mkutano ulipofika mahali pa maswali akanyoosha mkono, akaamkia shikamoo kwanza, akauliza: pesa ya choo cha soko iko wapi?

Mwenyekiti tunamwita Kidevu, kwa jinsi anavyokiinua akizungumza na watu. Akamtazama wifi kama anatazama nguo iliyoanikwa. "Huyu ni nani? Mkutano ni wa waliokaa. Aliyekaa ndiye anayehesabiwa. Anayesimama dirishani ni mpita njia, na mpita njia hana swali."

Ukumbi ukacheka. Wale vibarua walicheka mpaka soda ikawatoka puani.

Wifi alirudi akakaa, akaanza kumenya vitunguu ambavyo hakuna aliyeomba vimenywe.

"Wamejibu nini?" nikamuuliza.

"Wamesema mimi mpita njia."

Machozi yalimtoka, akasema ni vitunguu, nikamwachia iwe vitunguu. Kesho yake wahuni wa kijiweni walikuwa wanamwita Mpita Njia. Niliwarushia vipande vya mkaa, na vingine viliwapata vizuri.

Mkutanoni hakurudi tena. Wala wengine hawakwenda. Ukimkumbusha mtu anakwambia, "Nikaaibishwe kama Mama Vitunguu?" Ndiyo maana nilikuwa nasema yule bwana hasameheki. Hakufunga mdomo mmoja, alifunga soko zima, na mwaka hadi mwaka akawa anapitisha anachotaka na shemeji zake.

Baadaye wifi akaanza kuumwa kiuno, na homa za kwenda na kurudi. Nikampeleka hospitali. Daktari wa kike, mdogo kwa umbo lakini ulimi kama wangu, akamwambia, "Mama, unabana mkojo kutwa nzima, figo zinaharibika. Upate choo au uache soko. La tatu hakuna."

Njiani wifi akasema, "Wifi, nikiacha soko nitakaa ndani nihesabu boriti?"

"Boriti hazikuui."

"Zitaniua polepole zaidi."

Nikampokea mfuko wa dawa, tukarudi zetu sokoni.

Siku zilezile tangazo likabandikwa mlangoni mwa soko. Muuza magazeti akatusomea: mkutano wa bajeti umekaribia, na halmashauri inapendekeza pesa ya choo iliyopo ihamishiwe kwenye geti jipya la ofisi na bustani ya maua. Akarudia, maana hatukuamini. Maua. Yaani sisi tubane, maua yamwagiliwe.

Soko likanung'unika kama sufuria. Muuza mayai, ambaye ndiye mama mzazi wa yule karani, akasema, "Tutanung'unika hapahapa. Tukienda kule viti havitoshi, tutaitwa wapita njia."

Wifi alikuwa kwenye kigoda chake, mkono kiunoni kwa maumivu. Akasema taratibu, "Alisema aliyekaa. Hakusema aliyekaa kwenye kiti chake yeye."

Wote tukamgeukia.

"Mimi kukaa ndiyo kazi yangu," akasema. "Na kigoda ninacho."

Siku ya mkutano tulifunika bidhaa kwa magunia, kila mtu akabeba anachokalia. Vigoda, kreti za soda, ndoo, mimi debe langu la mkaa. Mwenye bucha na kijana wake wa duka wakabeba benchi. Kinyozi alikuja na kile kiti chake kirefu, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja tu, maana angefanyaje. Wanunuzi walipokuta soko halina wauzaji wakauliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakafuata na vikapu.

Tukajaza njia kati ya viti, tukajaza baraza, tukajaza uwanja mpaka chini ya madirisha. Kila mtu akakaa. Kidevu akasimama, na kidevu chake safari hii kilikuwa mahali pake.

"Karani, hesabu waliomo ukumbini," akasema. "Walioko nje ni watazamaji."

Karani akahesabu wa ndani kwa kalamu hadi mlangoni, na pale barazani akakuta wa kwanza ni mama yake, juu ya beseni lililogeuzwa.

"Mwanangu," akamwambia, "nimekaa au nimesimama?"

"Umekaa, mama."

"Basi hesabu, jua kali."

Karani alimwangalia bosi wake, akamwangalia mama yake. Bosi anabadilishwa, mama habadilishwi. Akahesabu, na alipomaliza uwanja wote akasema kwa sauti kavu kwamba akidi imetimia na kupita. Kidevu akataka kuahirisha mkutano. Mwenye bucha akamuuliza, "Kanuni inasema uahirishwe watu wakiwa wachache. Wakiwa wengi je?" Karani akafungua kitabu cha kanuni, akatikisa kichwa. Hakuna aliyewahi kufikiria balaa hilo.

Wifi akanyoosha mkono. Hakuamkia.

"Pesa ya choo cha soko iko wapi?"

"Mama, maswali ya fedha yaletwe kwa maandishi."

"Kuandika sijui. Nimelileta kwa mdomo, na si mara ya kwanza."

"Kuna iliyobaki, na kuna iliyoelekezwa kwenye matumizi mengine."

"Yapi?"

"Ujenzi."

"Wa nini?" nikadakia mimi. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, lakini ahadi ina mwisho.

"Ukuta."

"Ukuta upi, baba?" akauliza wifi, mpole kama anapima kilo.

"Wa ofisi," akasema. "Huu hapa. Pesa ya choo tulijengea ukuta huu."

Alisema hivyo mbele ya mji mzima, na jasho linamshuka. Hakuna aliyecheka. Vibarua walioujenga walikuwa wanatazama viatu vyao.

Ikaja kura. Wanaotaka geti na maua: mashemeji, na dereva alinyoosha mkono nusu kisha akajikuna kichwa. Wanaotaka choo, kwa pesa iliyobaki na ya geti juu yake: karani aliacha kuhesabu mikono, akahesabu isiyonyooshwa. Mwenye bucha akaongeza hoja, kwamba mpaka choo kiishe, choo cha ofisi kiwe wazi kwa watu wa soko. Mikono tena. Hata yule aliyenyolewa upande mmoja alinyoosha miwili, akaambiwa ashushe mmoja.

Kidevu akashuka jukwaani, akatoa ufunguo wa choo kwenye mfuko wake mwenyewe, akampa wifi. "Mama, yaliyopita yamepita, tusameheane."

"Mimi nimesamehe," wifi akasema.

"Mimi bado," nikasema.

Wifi akapita katikati yetu, watu wakisogeza ndoo na miguu, akaingia chooni, akafunga mlango. Alikaa humo muda mzuri. Hakuna aliyemharakisha, na nje ya mlango foleni ya wanawake ilikuwa imeshajipanga hadi kwenye ngazi. Mimi nilikuwa juu ya debe langu, na moyo wangu, ambao ulikuwa umekunjwa miaka yote ile kama gunia tupu, niliusikia ukikunjuka.

Akatoka anapangusa mikono kwenye kanga.

"Kina maji?" nikamuuliza.

"Kina maji, wifi. Na sabuni. Na kioo kikubwa." Akanikabidhi ufunguo. "Nenda ukajione, una mkaa puani tangu asubuhi."