Nilivyomficha mdogo wangu daftari lake ili nirudie mtihani wa MBA

Wakuu, nawasalimu wote, wa kusoma kimya na wa kutukana.

Ninachoandika hapa ni kweli tupu, na sehemu kubwa inanidhalilisha. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, halafu mnichambe kwa utaratibu.

Mimi ni mwalimu wa Commerce sekondari, hapa Kibiti. Thelathini na tano hiyo inagonga mlango. Kwa miaka nimekuwa na ndoto moja tu, kusoma MBA kwenye shule moja ya biashara Dar. Ile shule haiangalii vyeti peke yake. Unafanyishwa mtihani wa kuingilia kwenye kompyuta, hesabu na Kiingereza, huku saa inahesabu kurudi nyuma mbele ya macho yako. Ukifika 600 unaitwa interview. Chini ya hapo unarudi nyumbani.

Kosa langu la kwanza nilijitangaza. Staff room nzima ilijua, mpaka mama wa chai akawa ananiita Meneja.

Nikapata 470.

Ingekuwa ni yangu peke yangu ningesingizia kompyuta na maisha yangeendelea. Tatizo ni Hawa.

Hawa ni binti wa baba mdogo. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na mama yangu, kwa hiyo kwangu ni mdogo wangu kabisa, hakuna cha binamu wala nini. Ana digrii ya mambo ya uvuvi na ananunua kaa Nyamisati. Wavuvi wa delta wanamletea, yeye anawafunga magando, anawapanga kwenye matenga wakiwa hai, wanapelekwa Dar. Vidole vyake vimejaa makovu ya kubanwa.

Aliposikia nafanya huo mtihani akaniuliza, "Kaka, na mimi naweza kujaribu?"

Nilicheka. Nikamtumia link. Kwa mkono wangu huu, wakuu.

Tulifanya wiki moja. Hawa akapata 640.

Niseme wazi tu. Nilimwonea wivu, tena sio ule "wivu wa maendeleo" mnaojidanganyia humu. Ilikuwa roho ya korosho. Na huku kwetu korosho tunalima wenyewe, kwa hiyo roho yake nilikuwa nayo ya kutosha.

Siku aliponipigia simu kuniambia, nikasema "Mashallah, hongera sana mdogo wangu," nikakata. Nikakaa kitandani na viatu. Mke wangu akaingia akauliza nani kafariki.

Halafu baba mdogo akaandaa dua ya kumshukuru Mungu. Pilau, maulidi, ndugu wote. Nikaambiwa mimi kama kaka mkubwa na mwalimu niseme machache. Nikasema machache kweli, hata dakika haikufika. Nikidhani yameisha, baba mdogo akaongeza, "Na Shabani naye alifanya mtihani huohuo. Tumwombee."

Watu wakaitikia "Amin" kwa sauti ile ya msibani.

Wakuu, nadhani hakuna wivu unaouma kama wa mtu uliyemfundisha mwenyewe. Tajiri wa Masaki akinunua gari la tatu mimi nalala usingizi wangu. Lakini huyu nilimfundisha kugawanya kwa njia ndefu! Nilimfuta kamasi huyu!

Sheria za mtihani zinaruhusu kurudia baada ya muda fulani. Nikajiandikisha kimya kimya, sikumwambia hata mke. Hawa alinitumia meseji akasema, "Kaka, ukiamua kurudia niambie tusome wote." Nikamjibu kwamba sina mpango huo, MBA zenyewe siku hizi hazina maana. Kisebusebu na kiroho papo.

Likizo ya mwezi wa sita ikanikuta kwa mama, Ngorongo. Mwaka huu mpunga wa bondeni ulichelewa, na mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo kuamia ndege ikawa kazi yangu.

Kwa wasiojua Rufiji, shamba la mpunga bondeni lina dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi. Kutoka dunguni zinatoka kamba kwenda kila pembe ya shamba, na kwenye kamba yananing'inia makopo. Ndege wakitua upande wowote, unavuta kamba ya upande huo, makopo yanalia, wanaondoka. Kutwa nzima ndiyo kazi hiyo. Nikaona pazuri, nitasoma huku navuta kamba.

Siku ya kwanza tu, nainua mkeka wa dunguni nikakuta daftari chini yake. La kijani, kubwa. Hawa alikuwa hapo wiki iliyotangulia akimsaidia mama.

Lilikuwa daftari lake la kujiandalia mtihani.

Mtu mwenye akili timamu angepiga simu na kusema, "Umesahau daftari lako." Mimi nilichungulia chini kama mama yuko karibu, nikalitia ndani ya begi.

Siku ya pili Hawa akapiga. "Shikamoo kaka. Hujaliona daftari langu la kijani huko? Nina interview wiki ijayo, nilitaka nipitie."

"Marahaba. Sijaliona."

Baada ya siku mbili akauliza tena. "Sijaliona, Hawa."

Mara ya tatu nikamjia juu, nikamwambia mimi niko shamba naamia ndege, sio karani wa vitu vilivyopotea. Akasema, "Haya kaka, samahani." Na daftari wakati huo nimelikalia.

Sasa ngoja niwaambie kilichokuwemo.

Nilitegemea kukuta fomula za siri. Hazikuwemo. Hesabu zake zilikuwa zilezile zangu, na zingine alikosa. Ila kila ukurasa, juu kabisa, alikuwa ameandika maneno mawili kwa kalamu nyekundu.

USISHUKE DUNGUNI.

Na pembeni ya kila swali gumu, tena kwa herufi ndogo, "usishuke". Kwenye ukurasa wa kwanza akaandika kirefu, "Usishuke dunguni. Kaka Shabani alinifundisha nikiwa na miaka minane."

Nikakumbuka. Hawa mdogo, akiona ngedere pembeni ya shamba, alikuwa anateremka ngazi mbio na fimbo kumkimbiza. Akirudi anakuta ndege wamekula pande zingine zote, analia. Mimi nilikuwa namwambia, "We mtoto, usishuke dunguni. Huyo ngedere mmoja mwache ale chake. Ukishuka, shamba zima hulioni."

Mnafikiri nililia kwa uchungu wa undugu? Nilikasirika. Nilihisi nimeibiwa. Yaani 640 ile imetokana na maneno yangu mimi, halafu pilau kapikiwa yeye!

Na katika hasira hizohizo ngedere akatokea kwenye pembe ya mbali. Anavunja masuke huku ananitazama usoni. Nikashuka ngazi, wakuu. Nikamkimbiza mpaka kwenye matete, nikamtupia kila kilichokuwa karibu na mkono, na matusi juu. Nilipogeuka, upande wa pili wa shamba ulikuwa mweusi kwa ndege.

Mama alinikuta nahema katikati ya mpunga.

"Shabani mwanangu, si wewe uliyekuwa unamchapa Hawa kwa jambo hilihili?"

"Mama, yule ngedere alikuwa..."

"Ngedere kala masuke matatu. Angalia ndege uliowalisha wewe."

Hapo ndipo ikaniingia. Mtihani wa kwanza nilikutana na swali la kuchanganya maziwa na maji. Mwalimu wa Commerce mzima, nishindwe na maziwa? Niling'ang'ana nalo kama la ugomvi. Nilipolimaliza, saa ilikuwa imekwisha, na maswali ya mwisho sikuyasoma hata yanauliza nini. Sikukosa akili. Nilishuka dunguni.

Zile siku zilizobaki nilifanya mazoezi kulekule juu, naweka saa ya simu, swali likinichezea nabahatisha jibu naenda mbele. Inauma kuliko mnavyofikiri. Mtu mwenye majivuno kuacha swali bila kulijua ni kama kuondoka kwenye ugomvi umetukanwa.

Nikaenda Dar, nikarudia. Swali la sita lilikuwa la mabomba mawili yanajaza tangi. Jasho likanitoka, mkono ukaanza kukokotoa wenyewe. Nikajisemea kwa sauti, "Usishuke." Msimamizi akanitazama. Nikabonyeza jibu lolote, nikaendelea.

Wakuu, 610.

Nimevuka. Na ndio, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa 610 kwenye 640. Sijawahi kusema nimepona.

Wiki iliyofuata Hawa alipita Kibiti akielekea Dar na matenga yake. Interview alishafanya zamani na akachaguliwa, bila lile daftari. Nikampelekea stendi likiwa kwenye mfuko, na uongo wangu nimeupanga.

"Mama kaliokota chini ya gunia."

Hawa akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika tenga.

"Kaka, daftari nililiacha mimi chini ya mkeka. Makusudi. Nilijua utarudia tu. Ningekupa mkononi, ungepokea?"

Jibu mnalijua.

Nikamuuliza, sasa zile simu tatu za kulitafuta zilikuwa za nini?

"Nilitaka nijue kama umelifungua. Mtu ambaye hajaliona anasema, ngoja nikutazamie. Wewe ulikuwa unakata tu, sijaliona, sijaliona. Nikajua kaka anasoma. Roho yangu ikatulia."

Akapokea daftari, akaliweka juu ya kaa, akaniuliza nimepata ngapi. Nikamwambia. Alipiga kigelegele palepale stendi, watu wakageuka, wapagazi wakanipa mkono bila kujua wananipongeza kwa lipi.

Na mimi nimesimama pale, natabasamu, nikasikia ule wivu unapanda upya. Lakini sasa sio wa namba. Ile 640 nikitaka naweza kujiandikisha tena nikaitafute. Huyu binti kaenda kwenye interview mikono mitupu ili daftari lake libaki na mtu anayemwonea kijicho, na alijua kijicho kipo. Huo mtihani mimi sijui hata unafanyiwa wapi.

Somo nililopata ni hili: swali likikushinda liache, hata kama una majina makubwa staff room. Na mtu wako akikuzidi, usimfukuze mpaka kwenye matete, mpunga wako ndio utakaoliwa.

Nina interview yangu Jumatatu. Nikichaguliwa tutakaa darasa moja, na Hawa kashaniambia atanishikia kiti.

Waliowahi kumwonea wivu mtu wanayempenda, njooni hapa mniambie mlimwombaje msamaha. Maana mimi bado sijamwomba.