Bati Lisilokazwa Si Sakafu

Mwanangu, wewe unayepanda majengo ya chuma hapa Garissa, weka simu chini unisikilize. Kuna siku sijaisahau mpaka leo.

Nilikuwa msichana, nawauzia mafundi chai. Mdogo wangu Yusuf alikuwa juu, ghorofa ya tatu, akitandaza yale mabati mazito ya sakafu yanayomwagiwa zege. Adhana ya adhuhuri ikalia. Vijana wakafungua kamba za usalama viunoni, mbio kwenye ngazi, mabati wakayaacha yamelala tu juu ya mihimili, hata skrubu moja hayana. Walidhani haraka ile ni uchaji Mungu. Yusuf akaona kuzunguka ni mbali, akakatiza juu ya bati.

Upepo wetu unaujua, hauna adabu. Ukaingia chini ya bati, likateleza. Ncha ikabaki imeshika mhimili upana wa kidole.

"Simama hapo hapo!" akapaza sauti Mzee Barre, msimamizi wao. "Hata kukohoa, usikohoe!"

"Adeer, naanguka!" Yusuf akamlilia, akimwita ami kwa Kisomali.

"Bado. Ukianguka nitakuambia."

Kisha yule mzee akafunga kamba yake kwanza. Wallahi, mtoto anatetemeka, naye anajifunga! Nilimtukana moyoni. Akatambaa juu ya mhimili, akalibana bati kwa klampu, akamrushia Yusuf kamba ajifunge, akamvuta taratibu kama anayevuta ndama kisimani.

Walipofika chini, Yusuf akajitetea, "Adeer, nilikuwa nawahi sala."

"Ulikuwa unawahi kuswali au kuswaliwa?" Mzee hakucheka. "Ngamia wa baba yako unamfunga goti ndipo unatawadha. Bati umeliacha huru. Adhuhuri ina nafasi mpaka alasiri, kijana. Kuanguka hakuna nafasi."

Yusuf leo ana wajukuu.

Basi mwanangu, usikanyage bati kabla halijakazwa ncha zote mbili. Ukiitwa, hata nikikuita mimi, kaza kwanza ulilotandaza, maana mwenzako atakayepita hajui kama liko huru. Kamba usiifungue mpaka umeshika ngazi. Na wa kumwokoa mwenzake ajifunge yeye kwanza, tusizike wawili. Upepo ukizidi, shuka. Watakucheka, waache wacheke. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Mwenyezi Mungu akupandishe salama, na kila jioni akushushe kwa miguu yako mwenyewe. Amin.