Siku Nne Nilizomfungia Mke Mwenzangu Mlango

Mjukuu wangu anazungumza na nchi. Watu wakiniuliza anafanya kazi gani, hivyo ndivyo ninavyowajibu, na wanaocheka nawaacha wacheke. Mtoto wa watu akitolewa kwao kwa ahadi ya kazi au ya mume, akapitishwa Bara, akavushwa Unguja, na huko mbele anangojewa Arabuni, basi shauri lake limo mikononi mwa nchi nne, na kila nchi imekumbatia karatasi zake kama mtu anayeficha kitoweo mgeni asikione. Mjukuu wangu ndiye anayezipigia simu zote, huyu ampe yule alichonacho. Mimi nimeishia darasa la tatu, lakini aliyemfundisha alifu na be ni mimi. Nataka hilo lijulikane mwanzo.

Jengine lijulikane pia: nina mke mwenza. Marehemu alinioa mimi kwanza, akanitoa kwetu Uroa akanileta Mji Mkongwe, kwenye nyumba hii ya mawe yenye ghorofa moja na ua mdogo nyuma. Mwaka wa kumi na mbili akamleta Mngazija. Mimi nikabaki juu, yeye akawekwa chini. Marehemu kafa, tumebaki sisi wawili na ngazi moja.

Tangu tutoke eda hatukuwa tukisemezana. Miaka kumi na moja. Akiwa na la kuniambia, alimwambia paka.

"We paka, mwambie aliye juu asimwage maji ya kufulia, watu wameanika papa."

Nami dirishani: "We paka, mwambie aliye chini, papa wake ananuka mpaka Forodhani."

Paka mwenyewe alinona, maana kila mmoja wetu alimlisha ili awe wake.

Mke mwenzangu hakujaaliwa mtoto. Nasema hivi sasa kwa adabu, lakini zamani nilikuwa namcheka mbele za watu. Na Mungu akanilipa kwa njia hii: mjukuu wangu, damu yangu, akirudi kazini nasikia viatu vyake vinaingia, halafu vinasimama. Chini. Robo saa, nusu saa. Akipanda kwangu nimeshapakua, wali unapoa.

"Nshakula, Bibi. Kwa Bi Mdogo."

Nimekula wali wa baridi miaka mingi kwa sababu ya maneno hayo.

Mwezi wa Maulidi uliopita viatu havikusimama. Vilipanda moja kwa moja, na nyuma yake vilifuata vyengine. Akaingia na msichana, umri wake kama miaka kumi na minane, Mngazija, amejifunika shungi mpaka machoni. Nyumba wanakohifadhiwa wasichana kama yeye ilikuwa imejaa, ofisi ikakubali akae siku chache kwa mtu mwaminifu. Wakamteua bibi yake. Nikakimbilia kumtandikia kitanda.

Kisha akanivuta pembeni akanieleza. Yule mtoto alikamatwa bandarini na pasipoti isiyo yake. Ana mdogo wake, wametoka kwao pamoja, wakatenganishwa hapa hapa Unguja. Mdogo hajaonekana.

"Yumo kisiwani, Bibi, na watamtoa wakati wowote. Jina walilompa hatulijui, sura hatuijui. Kwao wanasema picha ziko Bara, Bara wanasema ziko kwao. Anayejua kila kitu ni huyu, na huyu hasemi. Ofisini tumemletea mkalimani, mwanamme, kainamisha kichwa mpaka kaondoka."

"Niachie mimi."

"Mimi kesho nasafiri, kuna mkutano wa hizo nchi zote huko Bara. Bi Mdogo apande leo leo akae naye. Lugha yao moja."

"Leo mwache apumzike. Ukimjazia watu ataziba kabisa."

"Basi kesho asubuhi, Bibi. Usisahau."

"Nna wazimu mimi nisahau?"

Sikusahau. Jioni ile, niliposikia mlango wa nje umefungwa nyuma yake, nilitia ufunguo kwenye mlango wangu wa ghorofani, nikaufunga pembeni mwa kanga. Nilijisemea: mtoto huyu kaletwa kwangu. Mjukuu alikwishachukuliwa na chini. Huyu hachukuliwi.

Na sikuwa nimejitwika nisichokiweza. Mimi ni somo, kungwi wa arusini. Nimewatoa maharusi wangapi katika mitaa hii, wasichana wanaolia, wanaotapika kwa hofu, nimewatuliza kwa mikono hii. Nikamfanyia yule mtoto yale yale. Nikamsinga kwa singo niliyoitwanga mwenyewe, liwa na mawaridi na karafuu. Alikaza mwili kama ubao. Nikasema ni haya. Nikamvisha kanga mpya, nikamfukiza udi, akatetemeka. Nikasema ni homa. Nikatia hina katika kibakuli, akaificha mikono chini ya mapaja akaikalia. Nikasema kwao labda hawana desturi. Kila nilipomwita mwanangu, alirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka mgongo ukafika ukutani.

Biriani langu watu hutoka Fumba kulifuata. Alikula matonge mawili.

Siku ya pili asubuhi nikasikia hatua za mke mwenzangu kwenye ngazi. Magoti yake mabaya, anapanda kidato kimoja anapumzika. Akagonga.

"We paka," alisema nje ya mlango, "mwambie mwenye nyumba nimetumwa na mtoto wetu."

Mtoto wetu! Nilisikia moto masikioni.

"We paka, mwambie aliyetumwa kuwa mgeni kalala."

"Mwambie nitangoja."

"Mwambie ngazi si baraza."

Alikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri, nasikia pumzi zake. Kisha akashuka, kidato na kupumzika. Na mimi, Mungu nisamehe, nilitabasamu.

Alasiri simu ikalia. Ni mjukuu wangu, nyuma yake kelele za watu na vikombe.

"Bi Mdogo kashapanda, Bibi?"

"Kashapanda."

"Kasema naye?"

"Kasema naye weee, hakuna kitu. Mtoto bubu huyu."

Alishusha pumzi. Akasema basi waendelee kumbembeleza. Mke mwenzangu hana simu, hazitaki, anasema simu ni mwizi wa sauti. Kwa hiyo hapakuwa na wa kunifichua. Siku ya tatu nikausema uongo ule ule kabla hajauliza yeye.

Siku hiyo hiyo ya tatu, chini, mke mwenzangu alichemsha ndizi mbichi na papa mkavu. Harufu ilipanda uani ikaingia dirishani kwangu bila ya hodi. Yule mtoto alikuwa kajikunyata pembeni. Akainua kichwa. Akasimama, mara ya kwanza kumuona akisimama bila kuambiwa, akaenda dirishani akashika nondo, akawa anavuta harufu kwa macho yaliyofumba. Mdomo wake ulikuwa unacheza kama mtu anayetaka kuita.

Nililifunga dirisha.

Nimeandika kitu hicho nikakikata, nikakiandika tena. Nililifunga. Nikamwambia harufu ile mbaya itamchafua, nikamletea halua.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, nikawasha tena udi. Ule mzuri, niliouweka kwa ajili ya arusi ya mjukuu wangu. Nikamsogelea na chetezo, nikimwambia kwa sauti yangu ya kutuliza maharusi, "Mwanangu, tulia, mbona kuzuri huko mbele." Sijui kwa nini nilisema huko mbele. Ni maneno ya kazi yangu, hujitokea yenyewe. Yule mtoto akakipiga chetezo teke. Makaa yakaruka mkekani. Akapiga ukelele, na ukelele ule ulikuwa wa Kiswahili safi.

"Sitaki arusi! Bibi nakuomba, sitaki arusi!"

Mimi nazima makaa kwa kanga, mkeka unaungua, na huko chini uani mke mwenzangu kasikia. Akajibu kwa lugha yao, kwa sauti kubwa, maneno machache tu. Mtoto akaukimbilia mlango. Akavuta komeo, akavuta, akaona umefungwa kwa ufunguo. Akageuka akautazama ufunguo ulioning'inia pembeni mwa kanga yangu. Hakunitazama usoni, aliutazama ufunguo.

Nimetazamwa vibaya mara nyingi katika uhai wangu, na mama mkwe, na mawifi, na huyo wa chini. Sijapata kutazamwa vile.

Nikafungua.

Walikutana katikati ya ngazi. Mke mwenzangu ananuka papa, jasho, kanga kuukuu, kamkaripia kwanza, nilijua tu kwa sauti kuwa anamkaripia, kama mtu anayemkaripia mtoto wake aliyechelewa kurudi. Mtoto akamwangukia kifuani akalia. Wakakaa kidatoni. Mimi nimesimama juu yao, mkono unaniuma kwa makaa, nasikiliza lugha ambayo kwa miaka thelathini nilisema inaniudhi, na nisiambulie kitu.

Baadaye mke mwenzangu akainua uso.

"Bi Mkubwa, piga simu."

Hakumwambia paka.

Akanieleza huku simu inaita. Wale wasichana waliwekwa katika nyumba ya bibi mmoja wa hapa hapa, mwenye Kiswahili kitamu, anayenukia. Aliwaita wanangu. Akawasinga, akawatia hina, akawafukiza udi, akawaambia waume wanawangoja huko mbele. Mlango ulikuwa na ufunguo na ufunguo ulikuwa kiunoni mwake. Kila aliyekwishatiwa hina alikuja kuchukuliwa na gari.

"Alidhani karudishwa nyumba ile ile," alisema mke mwenzangu. Hakuongeza neno. Angeongeza ningemjibu.

Mjukuu akapokea. Nikampa mke mwenzangu simu, akaishika kama mtu ashikaye kaa. Akasema yote: nyumba iko mahali penye upepo wa bahari huku na huku, mafundi wanapiga zege kutwa, majumba mapya bado hayajahamiwa. "Fumba!" nikapiga kelele mimi. "Hiyo ni Fumba!" Mdogo ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Pasipoti aliyopewa ni ya mwanamke wa Bara, na jina lake dada mtu alilikariri, akalitaja. Mjukuu aliingia nalo pale pale mkutanoni. Baadaye alinambia zile nchi nne, zilizokuwa siku tatu zikibishana nani aandike barua kwanza, zilipeana kila kitu kabla chai haijapoa, kwa sababu sasa lilikuwapo jina.

Mdogo alikutwa asubuhi yake uwanja wa ndege, kwenye foleni, tiketi mkononi, hina mbichi mpaka viwikoni.

Ningependa niishie hapo. Lakini katika nyumba ile walikuwamo wengine watatu, na wao waliondoka siku ya pili. Siku ya pili mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nasema na paka. Nchi waliyofikishwa inaandikiwa mpaka leo.

Mjukuu aliporudi alipanda kwangu kwanza. Miaka yote nilikuwa nalitamani hilo, akalifanya siku ile.

"Bibi, ulinambia kashapanda."

"Nilisema."

"Mara mbili."

"Mara tatu," nilisema. "Ya tatu hukuniuliza."

Nilitaka anitukane. Akavaa viatu vyake akashuka chini, na sikumsikia akipanda tena wiki nzima.

Wale ndugu wawili walikaa kwa mke mwenzangu siku tisa wakingoja karatasi. Nilisikia vicheko. Nilisikia wakisukana nywele uani, na yeye akiimba kwa sauti yake mbaya. Nilipika nikapeleka sinia mpaka kidato cha mwisho nikagonga nikaondoka. Sinia lilirudi limeoshwa, na ndizi juu yake. Siku ya kuondoka, mkubwa alipanda kuniaga. Alisimama nje ya kizingiti, hakukivuka, akanipa mkono kutoka pale. Chini walibusiana mpaka dereva akapiga honi.

Mwezi uliofuata nchi zikaja kukutana hapa kwetu, katika hoteli moja ya ufukweni. Wakamtaka mke mwenzangu akawaeleze maofisa namna ya kumpokea mtoto aliyetoka katika nyumba kama ile. Gari la ofisi likaja kumchukua. Kavaa baibui jipya, kashikwa mkono na mjukuu wangu. Na hoteli yenyewe wapi? Uroa! Nilikozaliwa mimi, nilikokatwa kitovu, Mngazija anakwenda kuketi mbele ya nchi Uroa kwetu, na mimi nipo dirishani na mkono uliofungwa kitambaa. Sikula mchana kutwa.

Alirudi magharibi. Nikamsikia anapanda, kidato na kupumzika. Mlango ulikuwa wazi. Akaketi mkekani, pale palipoungua.

"Waliniuliza mtoto alianza vipi kusema," alisema.

"Ukawajibu nini?"

"Mwenye nyumba alifungua mlango."

"Na zile siku nne?"

"Hawakuuliza."

"Mjukuu alikuwapo, angesema."

"Alinitazama. Nikamtazama. Hakusema." Akanyoosha magoti. "Nipe maji, Bi Mkubwa, Uroa kwenu joto."

Nikampa maji. Akanywa, akashuka zake, akaniacha nimekaa na wema wake kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwengine. Kanichukulia mume, kanichukulia viatu vya mjukuu chini ya ngazi, kanichukulia mgeni, na sasa anataka pia kuwa yeye ndiye aliyenisitiri. Nimegaagaa na jambo hilo siku nyingi. Mwishowe nikamwambia mjukuu aniletee daftari, na nimeziandika siku nne zote mwenyewe, kwa mkono wangu, ili asiwe na cha kunifichia.