Malaika wa Kisimani

Ujumbe uliingia Jumamosi asubuhi, leso ya tano ikiwa chini ya sindano. "Mwalimu, kesho baada ya ibada usiondoke. Wazee wanataka kuzungumza nawe." Haukuwa na salamu, na Mchungaji Felix si mtu wa kusahau salamu. Nyevu aliondoa mguu kwenye cherehani, na siku ile leso ya tano haikumalizika.

Sababu aliijua. Kanze, ambaye bintiye alikuwa katika darasa la Nyevu la shule ya Jumapili, alikuja Alhamisi kuchukua leso zake. Nyevu alipoingia ndani kuzitafuta, Kanze alikiona kitabu kiko wazi juu ya meza, akakipiga picha. Kabla ya adhuhuri kila mama wa kanisa lile dogo la Mtongwe alikuwa ameona kwenye simu yake mwanamume mwenye mabawa, kichwa chini miguu juu, uchi wa mnyama, na kitu kirefu cheusi kimemzunguka kiunoni. Chini yake Kanze aliandika: "Haya ndiyo anayoyasoma mwalimu wa watoto wetu."

Kwa siku sita za juma Nyevu alikuwa mama wa cherehani, akipinda leso za duka la Hashim pale Likoni. Siku ya saba aliitwa mwalimu. Alitoka shule kidato cha pili kwenda kumwuguza mamake, asirudi tena, na kwa miaka kumi na minane hapakuwa mahali pengine duniani alipoitwa kwa jina hilo. Hilo ndilo alilokuwa karibu kunyang'anywa.

Kitabu chenyewe aliachiwa na Maryanne, msichana wa chuo aliyekuwa mpangaji wake.

"Ni mshairi wa Kiingereza wa zamani, mama," Maryanne alimwambia. "Aliandika mwenyewe, akachora mwenyewe, akachapa mwenyewe. Watu wa wakati wake walisema ana wazimu."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi kwenye mtihani wake nilipata alama arubaini na moja. Chukua wewe."

Wapo wanaodhani kwamba mashairi ya namna hiyo yana wenyewe, na wenyewe wako vyuoni. Nyevu hakuna aliyemwambia hivyo, basi akayasoma. Aliyasoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa mwezi, na pale kamusi ilipomtupa alitumia alichokijua. Leso ina mji, ile picha ya katikati, na ina jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Mwanamke hanunui jina akauacha mji dukani. Huvitazama vyote viwili, ajue kama vinakubaliana au vinapigana vijembe. Hivyo ndivyo Nyevu alivyomsoma yule mshairi, na polepole mshairi akaanza kusema naye.

Jumapili walimkalisha kwenye benchi la mbele. Mchungaji Felix alikuwa hapo, na Mzee Kioko, aliyefanya kazi bandarini hadi akastaafu, na Kanze ameshika simu kama mtu aliyeshika risiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Mzee Kioko alijikuna shingo. "Sasa, huyu mtu mbona hana nguo?"

"Na nyoka je?" Kanze akadakia. "Dada Nyevu, mwanangu ana miaka saba. Usiku ataota nini?"

"Mwanao hajakiona kitabu hiki. Wewe ndiwe uliyemwonyesha kwenye simu."

Mchungaji alikohoa ili asicheke. Nyevu alikitoa kitabu mkobani.

"Kanze, nikikuletea leso moja, nusu ya doti, nikakwambia hii ndiyo zawadi yako, utanielewaje?"

"Nitajua umenitukana."

"Basi mumeletewa nusu. Kitabu hiki kurasa zake ni doti, zaenda mbili mbili. Huu uliopigwa picha ni wa kulia."

Akakifungua chote. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na mwanamke amepiga magoti kando ya kisima, mikono hewani. Nyevu aliwafasiria: mtoto wake ametumbukia, amewaita majirani, hakuna aliyekuja. Kulia yumo malaika, naye ameshakuwa ndani ya kisima, anashuka.

"Na hicho cheusi si nyoka, ni kamba ya ndoo. Tazameni, inatoka kushoto inaingia kulia."

Kanze aliifuata kamba kwa kidole, kutoka ukurasa hadi ukurasa.

"Sawa, kamba," alisema Mzee Kioko. "Lakini swali langu bado liko pale pale. Nguo zake ziko wapi?"

Hapo Nyevu alikwama. Mwezi mzima swali lile lile lilikuwa limemshinda. Malaika alikuwa na maneno yake chini ya picha, na Nyevu alikuwa ameyafasiri kwa penseli: Nuru yangu nimeivua juu, nakuja kichwa mbele. Aliyasoma kwa sauti. Macho yake, kwa kutafuta pa kukimbilia, yakaenda kwenye pindo la ukurasa.

Hakuwa amewahi kulitazama. Kwa mpinda leso, pindo ni pindo. Ukiona shubiri moja umeona zote, kwani hujirudia mpaka mwisho. Lakini mshairi huyu hakuwa mchapaji wa leso. Pindo la kushoto lilikuwa majani, majani, majani, na juu kabisa, pembeni, moja halikuwa jani. Lilikuwa joho. Joho refu lenye miali, limetundikwa kwenye tawi juu ya kisima.

"Hizi hapa," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Nguo zake hizi hapa. Amezivua, ametundika, ndipo akaingia."

Wote wanne wakainama juu ya kitabu. Mzee Kioko alivaa miwani, akatazama, akaivua.

"Mwaka ule mbuzi wa jirani alipotumbukia," alisema taratibu, "mimi nilishuka na kaptura tu. Mtu haingii kisimani na joho. Utazama nalo."

"Kumbe na wewe mzee ni malaika," Mchungaji Felix alisema.

"Malaika wa mbuzi!" Kanze akapasuka kicheko, akaziba mdomo, akakumbuka kwamba yeye ndiye mlalamishi.

"Mwalimu ataendelea na watoto," alisema Mchungaji. "Kitabu kikae nyumbani kwake."

"Na kifunikwe kwa leso," Mzee Kioko akaongeza. Ndiyo sharti pekee aliloshikilia, na hakuwa anatania.

Nyevu alikirudisha kitabu mkobani. Mabega yaliyokuwa masikioni tangu Alhamisi yalishuka yenyewe.

Kanze alimfuata mlangoni. "Dada, niupige picha na ule wa kushoto. Niwatumie wale wengine."

"Piga zote mbili pamoja. Usinikatie doti tena."

"Na mtoto? Alimtoa?"

"Hilo liko kwenye doti linalofuata. Nimelifikia neno la tatu."

Bintiye Kanze alikuwa nje, kiatu kimoja mkononi. "Mwalimu!" aliita. "Jumapili ijayo tutasoma nini?"

Nyevu aliitika, akaenda kumfunga kiatu.