Wajukuu Watatu, Jina Moja

Mwanangu hanywi maziwa ya ng'ombe. Akinywa anavimba uso na kifua kinabana. Ukweni kwangu, ambako kila nyumba ina ng'ombe wake, walisema ni maringo ya mama aliyemaliza kidato cha nne.

Programu ya simu ya jikoni kwenye chekechea yake niliiandika mimi. Nilikuwa nashuka Moshi mjini kujifunza kompyuta, na chekechea ya kijijini ikaniomba niwasaidie jikoni: mpishi aandike jina la mtoto kwenye simu, imwambie asimpe nini. Darasani nilikuwa nimefundishwa kigeu, yaani nafasi yenye jina ndani ya programu, unaweka kitu humo kisha unakiita. Nikaongezewa ujanja: si lazima ulitaje jina la kigeu mapema. Programu inalichukua jina linaloandikwa muda ule ule, inakwenda kutafuta kigeu chenye jina hilo. Basi kila mtoto nikampa kigeu cha jina lake, nikajiona fundi.

Sikufikiria majina yetu. Huku binti wa kwanza anachukua jina la bibi mzaa baba. Mume wangu ana kaka wawili, na wote watatu tulianza na binti. Wajukuu watatu, jina moja, ukoo mmoja, chekechea moja. Kigeu cha jina moja hubeba kitu kimoja tu, kwa hiyo niliyemwandika mwisho alimfuta wangu, na huyo wa mwisho anakunywa maziwa vizuri tu.

Walinipigia kutoka chekechea saa nne asubuhi. Nilimkuta mwanangu zahanati, macho yamezibwa na uvimbe, anavuta pumzi kwa kelele. Muuguzi alikuwa ameshamchoma sindano. Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake. Nilimtukana mbele ya watu wote, mama wa umri wa mama yangu, matusi ambayo siyarudii hapa. Mama mkwe alinivuta mkono, nikamsukuma.

Mpishi akaninyooshea simu. Alikuwa ameandika jina sawasawa, na chini yake maneno yangu mwenyewe: apewe vyote.

Pumzi ya mtoto ilipotulia, nilimuuliza mpishi kwani hakumjua mwanangu.

"Namjua. Ni yule wa nyumba ya mtoni," alisema. "Na nilijua hanywi maziwa."

"Sasa ulimpa kwa nini?"

"Simu yako ilisema apewe, mwanangu. Nikajua umempeleka hospitali, amepona."

Nilitafuta tusi lingine. Lililokuja lilinifaa mimi mwenyewe.